Kengele Aliyoigonga Mke Wangu

Jumamosi, Julai 1996
Ngokolo, Shinyanga

Upepo wa kiangazi leo umeamka kabla yetu, umemwaga vumbi mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Ubaridi wa asubuhi umekwisha, jua limekaa juu ya bati, na mimi nimekaa mezani peke yangu na karatasi ambayo sitaki kuitazama. Mama Kulwa amekwenda hospitali kumwona Luhende, kijana wangu wa kazini. Pacha wako kwa bibi yao. Nyumba kimya, hakuna hata wa kumfokea.

Namwonea wivu mke wangu.

Haya, imetoka. Nimeizunguka wiki tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia, sasa imetoka na sijafa.

Mwanamume akimwonea mkewe wivu kwa sababu ya mwanamume mwingine, watu wanaelewa. Ukienda kilabuni utapata wa kukuagizia bia na kukupa pole. Lakini wangu mimi si wivu wa mwanamume. Ni wivu wa masomo. Hebu niambie, nimweleze nani hilo anipe pole?

Kosa ni langu tangu mwanzo, maana kozi yenyewe niliileta mimi. Mwaka jana niliona tangazo gazetini: chuo kimoja cha ng'ambo kinafundisha kwa posta usimamizi wa usalama kazini, cheti cha juu kwa wale ambao tayari wana stashahada. Vitabu vinakuja kwa bahasha, majibu unatuma kwa bahasha, na maksi zinarudi kwa faksi ya ofisini. Mimi ni msimamizi wa presi katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa mjini, ndiko tunakokandamiza pamba iliyochambuliwa iwe marobota. Mke wangu ni karani wa ghala palepale. Tajiri mwenye kiwanda akasema atawalipia wawili. Nikamwambia Mama Kulwa ajaze fomu ya pili.

Watu walinisifu kwamba mimi mume wa kisasa, namsomesha mke. Nikazipokea sifa zote, nikazitia mfukoni. Ukweli ni kwamba Kiingereza changu kinachechemea, na nilitaka mtu wa kunisomea vile vitabu nikiwa nimenyoosha miguu. Basi. Hakuna usasa wowote hapo.

Akanisomea. Jioni baada ya chakula anasoma, ananifafanulia, mimi natikisa kichwa. Tatizo ni kwamba anayesoma kwa sauti naye anasikia.

Mambo yaliharibika kwenye zoezi la moto. Chuo kilitaka kila mwanafunzi aendeshe zoezi la kuwatoa watu kazini haraka, kisha aandike ripoti. Kwa kuwa tuko kiwanda kimoja tulikubaliana zoezi liwe moja, mimi niliendeshe, ripoti kila mtu aandike yake. Siku hiyo nilikuwa na saa mkononi na kofia ngumu kichwani, nimependeza kweli. Nikagonga kile kipande cha reli kinachoning'inia uani, ndiyo kengele yetu. Nikasubiri watu watoke mbio.

Wakatoka mpaka mlangoni. Hapo wakasimama.

Mbele yao alikuwa Mzee Masunga, ambaye hushona magunia ya kufungia marobota. Hakuna mtu kiwandani anayemzidi umri. Alikuwa anakunja uzi wake taratibu, anachomeka sindano penye kola, na nyuma yake watu wazima zaidi ya thelathini wamejipanga. "Tangulia, mzee." "Aa, tangulieni nyie wanangu, mimi miguu mizito." "Hapana mzee, tangulia wewe." Jamani, moto gani huo unaosubiri? Hakuna aliyethubutu kumpita mzee mlangoni. Alipotoka hatimaye, wakamfuata akina mama wa kuchagua pamba, na tajiri amesimama pale uani anatazama. Unafikiri walikimbia? Wakapiga magoti. Mmoja mmoja, shikamoo tajiri, marahaba, shikamoo tajiri, marahaba, na walio nyuma yao wamezibwa mlangoni. Tajiri mwenyewe, ambaye babu yake ndiye aliyekuja toka Bara Hindi, kazaliwa hapahapa, anaitikia kila mmoja na kuuliza habari za watoto.

Dakika kumi na moja.

Niliona aibu. Jioni nikafungua kitabu ukurasa wenye mfano wa ripoti nzuri nikaandika kama ulivyo: wafanyakazi walitoka kwa utulivu, kwa dakika mbili, hakukuwa na kikwazo. Nikampa Mama Kulwa anisahihishie Kiingereza. Alisoma, akanitazama, akasahihisha Kiingereza tu.

Yeye aliandika yote. Uzi, sindano, tangulia mzee, magoti, shikamoo. Kisha akaandika kwamba hakuna haja ya kupigana na heshima ya watu, heshima yenyewe ndiyo itumike. Kiti cha Mzee Masunga kihamishiwe kando ya mlango, apewe cheo cha kuongoza msafara, kengele ikilia atoke wa kwanza na wote wamfuate. Na ipigwe marufuku kuamkiana uani mpaka watu wawe wamehesabiwa. Wakishahesabiwa, wapigiane magoti mpaka jua lizame.

Faksi zikarudi siku moja. Yangu: "Ripoti yako inafanana mno na mfano ulio kitabuni. Tafadhali rudia. Ni nini hasa kilitokea?" Yake ilijaza ukurasa mzima. Mwalimu alisema ametabasamu, amejifunza, na anaomba ruhusa awasomee wanafunzi wengine.

Katibu muhtasi wa tajiri alizisoma zote mbili kwa sauti, na mlango wazi.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuchekwa kwa upole. "Hongera Baba Kulwa, mama katutoa kimasomaso!" Nashukuru. "Eti nyumbani kwenu msimamizi wa usalama ni nani?" Nacheka. Nilicheka mpaka mashavu yakauma. Nikirudi nyumbani nasema chumvi imezidi, wakati chumvi haijazidi. Akiniita nimsikilize anavyosoma sura mpya nasema kichwa kinaniuma. Usiku mmoja alisoma peke yake sebuleni, nikawa nasikia karatasi zikigeuzwa, nikaona kama ananisema.

Ingekuwa maksi tu ningezoea. Lakini kuna kazi. Wazungu wanaofungua mgodi wa dhahabu upande wa Kahama wanatafuta afisa usalama, mmoja tu. Nyumba wanatoa, gari linakuchukua asubuhi. Tumeomba wote wawili. Mtu wao anakuja kiwandani Jumatatu, keshokutwa, kutazama tunavyofanya kazi na kusoma ripoti zetu. Nilishaanza kujiona pale Nyasubi, Kahama, mwanamume nimesimama nje ya nyumba yangu nasubiri gari. Halafu kila mara ndotoni mwangu gari linafika, dereva anateremsha kioo ananiuliza: samahani mzee, Mama Kulwa yupo?

Sasa niandike ya jana. Nimezunguka vya kutosha.

Jana saa nne asubuhi tulikuwa tunafunga robota. Tulikuwa saba, mimi na vijana wangu sita, Luhende akiwa kwenye kona karibu na bomba linaloleta pamba. Kengele ikalia. Ile reli unaisikia mpaka sokoni, usidanganywe. Nikachungulia dirishani, nikamwona Mama Kulwa uani, kitenge amekifunga kibwebwe, anaigonga kwa mikono miwili.

Damu ikanichemka. Juzi alikuwa amesema chuo kinataka zoezi la pili, la kushtukiza, bila kutangaza. Nikajua ndilo hili. Nikajua anataka Jumatatu mgeni akifika akute zoezi limefana, kila mtu anamsifu, na mimi nimetoka mbio kwa kengele ya mke wangu mbele ya kiwanda kizima.

Nikasema, "Endeleeni na kazi. Robota hili liishe kwanza. Atakayetuhesabu atusubiri."

Luhende akasema, "Bosi, nasikia harufu ya kuungua."

Nikamjibu, "Na pua yako nayo inasoma kozi?"

Wenzake wakacheka. Niliwafurahisha. Hilo la kucheka ndilo linalonisumbua zaidi leo, kwamba lilinipendeza.

Moto ulikuwa ndani ya bomba, na waliokuwa nje walishauona moshi. Pamba haiwaki kama majani makavu ukauona mapema, yenyewe inafukuta kwa ndani, na huku presi tulikuwa hatuoni kitu. Uani Mzee Masunga alikuwa ameshawatoa wote, Mama Kulwa amewahesabu, akakuta tumepungua saba. Yule mzee wa miguu mizito akaacha watu uani akarudi. Alisimama kwenye mlango wa presi akaniita kwa jina alilonipa mama yangu, jina ambalo hakuna mtu kiwandani anayelitumia, kisha akaniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanawane, toka na watoto wa watu!"

Kengele niliibishia. Mzee sikuweza kumbishia. Miguu ilitii kabla ya kichwa. Tulikuwa tunaufikia mlango wakati bomba lilipopasuka pale kwenye kona na pamba inayowaka ikamwagika. Luhende alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa mbali zaidi. Ilimpata mkono wa kulia wote na shingo. Sitaandika alivyolia.

Moto wenyewe ulizimwa kwa mchanga na maji, hata marobota mengi yamepona. Daktari anasema Luhende ataishi. Kuhusu mkono, anasema tusubiri. Luhende ni fundi wa kufunga waya za robota, anakula kwa mkono huo, na mkewe ni mjamzito.

Ningemaliza hapo ingekuwa nafuu. Bado.

Jana jioni tajiri alikwenda hospitali, nami nikiwa nyuma yake. Akamwuliza Luhende, "Mwanangu, kwa nini mlichelewa?" Luhende akageuza macho akanitazama, bandeji mpaka kidevuni, akasema, "Tajiri, kengele hatukuisikia. Mashine zilikuwa zinapiga kelele." Wale watano wengine, waliokuwa wamesimama ukutani, wakaitikia: ndiyo tajiri, hatukuisikia. Hawakupanga. Mkubwa haaibishwi mbele ya tajiri, hivyo ndivyo walivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa.

Tajiri akanigeukia. "Ni kweli, Baba Kulwa?"

Nikasema, "Mashine zile zina kelele sana, tajiri."

Ona ujanja wangu. Sikusema hatukuisikia. Nilisema mashine zina kelele, na kweli zina kelele. Kumbe miezi yote ya kusoma usalama nilikuwa najifunza kujikinga mwenyewe.

Tajiri akatikisa kichwa, akasema basi mpango wa Mama Kulwa una kasoro, kengele haifiki presi, mgeni wa Jumatatu itabidi aelezwe. Na hapo ndani yangu, Mungu wangu nisamehe, nilisikia kitu kitamu. Kidogo tu, kama sukari kwenye ncha ya ulimi. Kijana amelala mbele yangu ameungua, nami nahesabu kwamba sasa gari litanifuata mimi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama Kulwa alishaambiwa. Mji huu habari zinakutangulia mlangoni. Alipika, tukala, akawalaza watoto. Nilitaka anigombeze. Ningegombana naye vizuri sana, nilikuwa na maneno tayari.

Leo asubuhi amekaa hapa mezani saa mbili nzima akiandika ripoti ya ajali kwenye ile fomu ya chuo, nakala ya tajiri na nakala ya mgeni. Ameandika saa moto ulipoonekana, nani aliuona, walitoka wangapi kwa dakika ngapi. Ameandika kwamba Mzee Masunga alirudi, na kwamba hilo si sehemu ya mpango wala lisirudiwe, ingawa liliokoa watu saba. Ameandika mwandiko ule wake ulionyooka, hakuna sifa, hakuna lawama. Halafu akanisukumia karatasi.

"Baba Kulwa, nimeruka mstari mmoja. Mimi sikuwepo presi."

Akajitanda khanga, akachukua uji wa Luhende, akaondoka.

Mstari wenyewe unasema: Sababu ya sehemu ya presi kuchelewa kutoka.

Anajua. Reli ile hulia kila adhuhuri, na kila adhuhuri mimi ni wa kwanza kunawa mikono. Angeweza kuandika mwenyewe. Angeweza kwenda kwa tajiri akasema mume wangu ni mwongo, na kiwanda kizima kingemwamini. Ameniachia mimi. Hata hilo namwonea wivu! Natafuta mahali aliponizidi nifunge hesabu niseme ni hapa tu, kila siku napata pengine.

Nimejaribu kwenye karatasi ya pembeni. "Kelele za mashine." Nimekata. "Mawasiliano hayakuwa ya kutosha." Hiyo imenipendeza, ina sauti ya kitabuni. Nimekata. "Wafanyakazi walidhani ni zoezi." Wafanyakazi! Luhende alisikia harufu, alisema, na mimi nilimkebehi. Nimekata hiyo mpaka karatasi imetoboka.

Nikiandika kweli, kazi ya Kahama nimeikosa, na huenda na hii ya presi. Mgeni atasoma Jumatatu mbele yangu. Vijana wangu sita wataonekana waongo kwa sababu yangu. Na Mama Kulwa atapanda gari lile, mimi nitabaki nafunga vifungo vya sare za Kulwa na Doto. Nikinyamaza, yeye anabeba moto wangu, Luhende anabeba uongo wangu pamoja na kidonda, na Jumatatu nyingine kiwandani kwingine mtu ataambiwa kengele haifiki, wakati inafika.

Nimeandika hivi, kwa wino, kwenye fomu yenyewe:

"Kengele ilisikika vizuri. Msimamizi aliwazuia wafanyakazi kutoka. Mmoja wao alimwonya kuhusu harufu ya moto, msimamizi akamdhihaki. Sababu: msimamizi alimwonea wivu aliyegonga kengele, ambaye ni mkewe."

Nikaweka saini.

Nilidhani nikishaandika nitajisikia mwepesi, kama wanavyosema kanisani. Wapi. Nimejisikia kuogopa, na nimesoma tena ukurasa mzima toka juu, na pale mwandiko wake unapokwisha na wangu unapoanza nimeona wa kwake ni mzuri zaidi, na roho ikaniuma. Huo ni wivu, uleule, haujaenda popote. Sijui kama huwa unakwisha au mtu anajifunza tu kutoka nje ukiwa bado unaunguza ndani.

Mama Kulwa amerudi sasa hivi. Ameweka birika tupu chini, hata khanga hajaivua, akasoma fomu akiwa amesimama. Amesoma mara mbili. Nilikuwa nachungulia uso wake nione kama atalia au atacheka au ataniambia asante. Hakufanya hata kimoja.

Ameuliza, "Luhende anajua kwamba umeandika hivi?"

Nimesema hajui.

"Kule hospitali nimemkuta anajifunza kusema uongo wake, asije akakosea mbele ya mgeni. Jasho linamtoka. Maumivu anayo, bado ana kazi ya kukulinda wewe."

Nimefunika kalamu.

"Vaa viatu," amesema.

Navaa.